Jinsi ya Kupanga Msimu wa Maadhimisho ya Okestra ya Simfoni

Anza na kazi mpya za muziki, kwa kuwa ndizo zinazohitaji muda mrefu kuliko maandalizi mengine yote. Okestra ya Simfoni ya Boston, iliyoanzishwa mwaka 1881, ilipotimiza miaka 50, kiongozi wake wa muziki, Serge Koussevitzky, aliwaomba watunzi kadhaa, wakiwamo Stravinsky, Prokofiev na Hindemith, waiandikie kazi mpya, na mojawapo ya kazi hizo, Simfoni ya Zaburi ya Stravinsky, ingali inapigwa hadi leo.

Mtunzi aandikiwe mapema, ikiwezekana miaka miwili kabla, na mkataba utaje urefu wa kazi, idadi ya wapigaji, siku ya kukabidhi nota na, jambo ambalo wengi hulisahau, ni nani atakayeipiga kwanza. Onyesho la Boston lilipoahirishwa, Simfoni ya Zaburi ilisikika kwanza Brussels, tarehe 13 Desemba 1930, siku sita kabla ya wenye sherehe kuipiga.

Siku ya onyesho, kazi mpya iwekwe kabla ya mapumziko, wasikilizaji wakiwa bado hawajachoka, kisha ifuatiwe na simfoni wanayoifahamu. Hotuba ziwe fupi. Historia ichapwe katika kijitabu cha programu.