Upanga wa Kijapani wa babu: weka msasa chini kwanza

Babu alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki (KAR). Mwaka 1944 alikuwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, kwenye mvua za bonde la Kabaw, akarudi Tanga na homa zisizoisha na upanga wa ofisa wa Kijapani. Miaka yote ulilala juu ya kabati la bibi, Ngamiani, umeviringishwa gunia. Wenzangu waligawana minazi, mimi nikapewa upanga kwa sababu ndiye fundi. Fundi cherehani, lakini kwetu fundi ni fundi.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuuharibu. Nilitoa mpini, nikakuta msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, umevaa kutu nyeusi, nikachukua msasa. Nilipofika nusu ndipo nikaona maandishi yanaondoka pamoja na kutu. Basi nakuambia mapema: kutu ya msuka usiiguse. Rangi yake ndiyo inayomwambia mjuzi umri wa chuma, na huwezi kuirudisha kwa dawa yoyote. Bapa nalo usilisugue kwa Brasso wala kulipeleka kwa mtu wa jiwe la kunolea.

Kabla hujafungua chochote, shika mpini tu. Mwezi uliopita kijana wa mtaa wa nyuma aliniletea wake. "Shikamoo mjomba. Wanasema huu ni wa samurai, miaka 400." Nikaweka kiganja kwenye mpini: baridi kama sufuria. Ile mikanda iliyosukwa ilikuwa umbo tu la aluminiamu ya kuyeyusha lililopakwa rangi, na mahali pa kijiti cha mwanzi, kile kinachofunga mpini kwenye msuka, pana skrubu. Huo ni Aina ya 95, uliotolewa kuanzia 1935 kwa masajenti, bapa la kiwandani. Tulitafuta namba, tukaikuta imegongwa kwenye bapa karibu na mpini. Ya kwenye ala ilikuwa nyingine, maana yake vitu viwili vilikutana njiani. Zikilingana, thamani hupanda. Kijana alinuna, lakini upanga ni halali kabisa wa vita, tatizo lilikuwa ile miaka 400.

Mpini wa ofisa huwa na utepe wa kweli uliosukwa, na chini yake ngozi nyeupe yenye chembechembe. Mvuvi yeyote wa Deep Sea, hapa Tanga, ataitambua: ni ya samaki taa. Maua ya cheri kwenye vyuma vya shaba ni ya jeshi la nchi kavu. Ala yenye pete mbili za kuning'inizia kwa kawaida ni Aina ya 94, ya mwaka 1934. Yenye pete moja mara nyingi ni ya 98, ya 1938. Ila pete hupotea na ala hubadilishwa, kwa hiyo usiape kwa ala peke yake.

Sasa msuka. Kijiti cha mwanzi kina upande mwembamba. Kisukume kutoka huko kwa kipande cha mti au shaba, usitumie msumari. Shika mpini kwa mkono wa kushoto, upanga umesimama ncha juu, makali yakitazama mbali nawe, kisha pigapiga ngumi yako hiyo ya kushoto kwa ngumi ya kulia. Bapa litaruka kidogo kidogo hadi lilegee. Usivute kwa koleo. Zile washa, vibamba vyenye tundu vinavyotoka, zipige picha na uzipange kwa mfuatano, maana zikirudi kombo mpini utacheza milele.

Juu ya msuka, karibu na kipete cha shaba kinachokaa mwanzo wa bapa, tafuta mhuri mdogo. Mhuri wa Seki, mji wa wafua panga, au wa Showa, jina la enzi ya mfalme Hirohito, unaashiria upanga wa wakati wa vita ambao haukufuliwa kwa njia ya jadi. Nyota huashiria mfua panga aliyekubaliwa na jeshi, aliyetumia chuma cha jadi; huo ni habari nyingine. Upande mmoja huwa na jina, wa pili tarehe. Kumi ni kama alama ya kujumlisha, moja hadi tatu ni vistari vya kulala. Ukishapata mwaka wa Showa, ongeza 1925. Msuka usio na maandishi usiutupe: maofisa wengine walivalisha mapanga ya ukoo vyuma vya jeshi, na matundu mawili matatu kwenye msuka ni dalili kwamba bapa limepita mipini mingine.

Kisha zima taa zote ubakize balbu moja, uinamishe bapa polepole. Kando ya makali utaona wingu jeupe lenye mpaka. Likimetameta kwa vichembe, limetokana na moto na maji au mafuta. Likiwa limefifia tu kama chokaa, huenda limechorwa kwa asidi.

Ukituma picha kwa mthamini, piga msuka pande zote mbili, uso kwa uso. Urefu pima kwa mstari ulionyooka, kutoka ncha hadi kidato cha mgongoni panapokaa kipete, usifuate mkunjo.

Mafuta: tone moja la cherehani, ulipanguse hadi lisionekane. Wajapani hupaka mafuta mepesi yenye karafuu. Bibi alicheka sana: "Karafuu ile ile ya Pemba?" Ya nazi yanachacha na kunata. Na kwa chumvi ya hewa ya hapa, angalia kila mwezi.

Wa babu una mhuri wa Seki na sentimita 65. Upande wa tarehe haukuguswa na msasa: Showa 17, yaani 1942. Upande wa jina zimebaki herufi mbili za chini.