Sasisho la Ubuntu Likigoma: Pa Kuanzia na Pasipo Kuguswa

Sasisho linapogoma, wengi hunakili amri ya kwanza waliyoiona mtandaoni na kuibandika kwenye terminali. Hapo ndipo hitilafu ndogo inapogeuka kubwa. Karibu kila mara `apt`, programu inayosakinisha na kusasisha paketi (mafurushi ya programu), imeshasema tatizo ni nini, ila imelisema mistari ishirini juu ya pale jicho lilipotua. Soma kuanzia juu ukitafuta mstari wa kwanza unaoanza na `Err:` au `E:`. Mingi inayofuata ni matokeo ya huo mmoja.

Ukiwa umeshafunga dirisha, kumbukumbu zipo. `/var/log/apt/history.log` inaeleza nini kiliombwa na lini, na `/var/log/apt/term.log` inahifadhi maneno yote yaliyopita kwenye skrini wakati wa kusakinisha. Maelekezo haya ni ya Ubuntu, na sehemu kubwa inafaa pia kwa Debian na Linux Mint.

Kufuli

```
Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend. It is held by process 2143 (unattended-upgr)
```

Hii si hitilafu. Kuna programu nyingine inayosasisha kwa sasa, mara nyingi ile ya masasisho ya kujiendesha ambayo huamka muda mfupi baada ya kuwasha kompyuta. Itazame:

```
ps -p 2143 -o pid,etime,cmd
tail -f /var/log/unattended-upgrades/unattended-upgrades-dpkg.log
```

Kama kumbukumbu inasogea, subiri. Unaweza kuiambia `apt` isubiri yenyewe hadi dakika kumi: `sudo apt -o DPkg::Lock::Timeout=600 upgrade`.

Usifute faili la kufuli, hata kama umeona ushauri huo mara mia. Kufuli halimo kwenye kuwepo kwa faili. Linashikiliwa na mchakato wenyewe ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo. Ukifuta faili, mchakato wa kwanza unaendelea na kazi, wa pili unatengeneza faili jipya, na sasa wawili wanaandika kwenye hifadhidata moja ya paketi. Mchakato ukiwa umekufa kweli, kufuli huachiwa lenyewe na hakuna cha kufuta.

Umeme ulikatika katikati

`dpkg` ni programu iliyo chini ya `apt`, inayosakinisha paketi zenyewe. `dpkg was interrupted` maana yake paketi zilifunguliwa lakini hazikumaliziwa. Amri mbili, kwa mpangilio huu:

```
sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install
```

Ya pili huonyesha orodha kabla ya kutenda. Ukiona chini ya `REMOVED` kuna `ubuntu-desktop` au seva yako ya hifadhidata, jibu `n` na utafute chanzo kwanza. Ukiulizwa kuhusu faili la mipangilio ulilolibadilisha mwenyewe, bonyeza `D` uone tofauti. `N` hubakisha la kwako.

Umeme ukikatika diski ikiwa inaandikwa, faili lenyewe la hali ya paketi linaweza kuharibika, na `apt` italalamika kwamba haiwezi kusoma `/var/lib/dpkg/status`. Nakala ya hatua iliyotangulia ipo:

```
sudo cp /var/lib/dpkg/status /root/status-mbovu
sudo cp /var/lib/dpkg/status-old /var/lib/dpkg/status
```

Hiyo nayo ikiwa mbovu, nakala za zamani zaidi zimo `/var/backups`, kwa majina yanayoanza na `dpkg.status`. Seva ya mbali isasishe ndani ya `tmux` au `screen`, ili mtandao ukikatika kazi iendelee upande wa pili.

/boot imejaa

Tatizo hili huwapata zaidi waliosimba diski nzima wakati wa kusakinisha, kwa sababu `/boot` yao, panapokaa mafaili ya kuwashia mfumo, ni sehemu ya pekee na ndogo. Kila kerneli mpya huweka humo faili lake pamoja na `initrd` (faili la draiva za kuanzia), na `initrd` ndiyo nzito. Siku nafasi inapoisha utaona `No space left on device` pamoja na `update-initramfs: failed`, na kuanzia hapo kila sasisho linakwama, hata la paketi isiyohusiana na kerneli, kwa kuwa `dpkg` hurudia kumalizia kerneli ile kila mara.

```
df -h /boot
uname -r
dpkg -l 'linux-image-*' | grep ^ii
```

Amri ya pili inakuambia kerneli inayotumika sasa hivi. Hiyo haiguswi. Ibakishe hiyo, mpya kuliko zote, na moja ya akiba. Jaribu njia salama kwanza:

```
sudo apt autoremove --purge
```

Mara nyingi `apt` itakataa ikidai paketi zimevunjika. Hapo shuka ngazi moja chini, uiondoe kerneli moja ya zamani kwa `dpkg` yenyewe, ukiweka namba uliyoiona kwenye orodha yako:

```
sudo dpkg --purge linux-image-5.15.0-91-generic linux-modules-5.15.0-91-generic linux-modules-extra-5.15.0-91-generic
sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install
```

Kufuta kwa `rm` ndani ya `/boot` kunavutia kwa kuwa nafasi inapatikana papo hapo. Lakini `dpkg` bado inaamini kerneli ipo, na `initrd` uliyoifuta inaweza kuundwa tena sasisho likija. Kama jambo hili linakurudia, fungua `/etc/initramfs-tools/initramfs.conf`, badilisha `MODULES=most` iwe `MODULES=dep`, kisha `sudo update-initramfs -u`. Faili hupungua sana kwa sababu hubeba draiva za mashine hii tu. Gharama yake: ukihamishia diski kwenye kompyuta nyingine, huenda isiwake.

Ikiwa `df -h` inaonyesha nafasi tele na bado unaambiwa diski imejaa, endesha `df -i`. Kwenye seva ndogo za kukodi, idadi ya mafaili inaweza kufika kikomo kabla ya ukubwa, na vichwa (headers) vya kerneli za zamani ndani ya `/usr/src` ni maelfu ya mafaili madogo. `autoremove` ile ile huviondoa.

Mtandao upo, sasisho halishuki

`Release file ... is not valid yet` ni saa ya kompyuta iliyobaki nyuma. Kwenye mashine ya zamani, betri ya CR2032 ya ubao mama imekwisha na saa hurudi nyuma kila unapochomoa umeme. `sudo timedatectl set-ntp true` huirekebisha kwa leo. Betri ndiyo dawa.

`Clearsigned file isn't valid, got 'NOSPLIT'` huwachanganya wengi. Ubuntu hushusha paketi kwa HTTP ya kawaida, kisha hukagua saini. Bando likiisha, mitandao mingi ya simu hujibu kila ombi la HTTP kwa ukurasa wa kununua bando, na Wi-Fi ya hoteli hujibu kwa ukurasa wa kuingia. `apt` imepokea ukurasa huo badala ya orodha ya paketi, ikakataa, na imefanya sawasawa. Nunua bando au ingia kwenye Wi-Fi kwa kivinjari, halafu rudia.

`Hash Sum mismatch` ni orodha na paketi zisizolingana: proksi iliyohifadhi nakala ya jana, au ghala la karibu (seva ya paketi) lililo katikati ya kujisawazisha. Futa orodha uzishushe upya:

```
sudo rm -rf /var/lib/apt/lists/*
sudo apt update
```

Ni salama, ila zitakula makumi ya megabaiti. Likirudi, badilisha `tz.archive.ubuntu.com` au `ke.archive.ubuntu.com` iwe `archive.ubuntu.com`. Kwenye 24.04 anwani hizo zimo `/etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources`, matoleo ya nyuma, `/etc/apt/sources.list`.

`404 Not Found` ina sababu mbili. Nyepesi ni kwamba hujaendesha `apt update`, na paketi unayoiomba imeshabadilishwa na mpya. Nzito ni kwamba toleo lako limefika mwisho. Matoleo ya kati ya Ubuntu hupata masasisho ya usalama kwa miezi 9, yale ya LTS (ya muda mrefu) miaka 5, 20.04 ilimaliza muda wake wa kawaida Mei 2025. Kuelekeza anwani kwenye `old-releases.ubuntu.com` kutaondoa 404, lakini huko hakuna kiraka (rekebisho la usalama) kipya hata kimoja. Itumie kama daraja la kupandia toleo jipya tu. Mwenye LTS ya zamani asiyeweza kupanda leo ajiunge na Ubuntu Pro, ambayo ni bure kwa matumizi binafsi hadi mashine 5 na hufikisha miaka 10.

`NO_PUBKEY`, yaani ufunguo wa kukagulia saini haupo, hutoka kwenye maghala ya watu wengine uliyoyaongeza mwenyewe. Chukua ufunguo kwenye tovuti rasmi ya mwenye programu, uweke `/etc/apt/keyrings`, na uutaje kwa `Signed-By` katika ghala hilo peke yake. Amri ya zamani ya `apt-key` iliachwa kwa sababu ufunguo uliouongeza uliweza kuidhinisha ghala lolote. Na usiweke `trusted=yes` ili ujumbe uondoke: hapo umezima kinga pekee iliyo kati yako na mtu yeyote anayeshika mtandao unaoutumia.

Paketi zilizobakizwa

Ujumbe `kept back` maana yake `apt` imeziacha paketi kadhaa bila kuzisasisha. Endesha `apt-cache policy jina-la-paketi`. Ukiona neno `phased` na asilimia, Ubuntu inalisambaza sasisho hilo kidogo kidogo, na zamu yako itafika. Masasisho ya usalama hayapitii foleni hiyo. Vinginevyo angalia `apt-mark showhold`, kisha `apt -s full-upgrade`, inayoigiza bila kugusa kitu.

Masasisho ya kujiendesha yasiyojiendesha

Hili lisomwe kwa makini na kila anayetumia laptopu kwa hotspoti ya simu, yaani wengi wetu. Ubuntu huja na `unattended-upgrades` ikiwa imewashwa, na mtu huamini yuko salama. Lakini kwa mipangilio yake ya asili, haifanyi kazi laptopu ikiwa kwenye betri, na haifanyi kazi kwenye mtandao wa kupimwa, yaani ule unaolipiwa kwa kiasi cha data. NetworkManager huitambua hotspoti ya Android kuwa ni mtandao wa kupimwa. Kwa hiyo laptopu isiyowahi kuona Wi-Fi nyingine inaweza kukaa miezi bila kiraka hata kimoja, na huenda mwenyewe asitambue.

```
nmcli -f GENERAL.METERED device show
sudo less /var/log/unattended-upgrades/unattended-upgrades.log
```

Ukikuta `yes (guessed)`, na kwenye kumbukumbu maneno `metered connection` au `battery power`, umepata jibu. Kwa mwenye bando la kutosha:

```
nmcli connection modify "JinaLaHotspoti" connection.metered no
```

Kisha unganisha upya na uchomeke chaja. Ukitaka mtandao usizibwe na upakuaji, weka kikomo cha kilobaiti 150 kwa sekunde:

```
echo 'Acquire::http::Dl-Limit "150";' | sudo tee /etc/apt/apt.conf.d/76kikomo
```

Mwenye bando dogo asibadilishe kitu. Ajiwekee siku moja kwa wiki aendeshe `sudo apt update` na `sudo apt upgrade` mwenyewe. `apt` hutaja ukubwa wa upakuaji kabla ya kuomba ruhusa. Na asisahau kwamba Firefox ya Ubuntu tangu 22.04 ni snap, paketi ya mfumo mwingine: `apt` haiigusi, amri yake ni `sudo snap refresh`. Kivinjari ndicho mlango unaogongwa kila siku, kwa hiyo bando likiwa la kubana, anza nacho.

Kerneli mpya haiwaki

Wakati wa kuwasha shikilia Shift (kwenye BIOS ya zamani) au gonga Esc (UEFI), ingia `Advanced options`, chagua kerneli iliyotangulia. Ndiyo maana ulibakisha ya akiba. Mara nyingi chanzo ni draiva ya nje, kama NVIDIA au VirtualBox, ambayo haikujengwa kwa kerneli mpya: `dkms status` itaonyesha. Ikiwa imejengwa lakini haipakiwi, na `mokutil --sb-state` inasema Secure Boot (ukaguzi wa saini wakati wa kuwasha) imewashwa, ufunguo wa draiva haujasajiliwa.

Je, kiraka kimeingia kweli?

Julai 2024 lilitangazwa tundu la OpenSSH (programu ya kuingilia seva kwa mbali), CVE-2024-6387, lililoruhusu mtu wa mbali kuingia kama root, msimamizi mwenye mamlaka yote. Habari zilisema toleo lililotibiwa ni 9.8p1. Wenye Ubuntu 22.04 walisasisha, wakatazama, wakakuta bado 8.9p1. Wengine wakaanza kujenga OpenSSH kutoka msimbo wa chanzo, jambo ambalo liliwatoa kwenye masasisho ya Ubuntu kabisa. Lakini Ubuntu na Debian huchukua kiraka peke yake na kukishona kwenye toleo la zamani. Kinachobadilika ni mkia wa namba: `1:8.9p1-3ubuntu0.10` ilikuwa tayari imetibiwa. Thibitisha hivi:

```
dpkg -l openssh-server
apt changelog openssh-server | grep CVE-2024-6387
```

Kiraka kilicho kwenye diski hakimlindi mtu ikiwa programu ya zamani bado iko kwenye kumbukumbu. Sasisho la OpenSSL (maktaba ya usimbaji) halimfikii nginx (seva ya wavuti) aliyewashwa wiki iliyopita mpaka awashwe upya. `sudo needrestart` huorodhesha huduma zinazoendelea kutumia mafaili ya zamani. Ubuntu Server 22.04 na kuendelea huja nayo, kwingine sakinisha. Kerneli ni lazima kuwasha mashine upya:

```
cat /var/run/reboot-required.pkgs
```

Faili hilo likiwepo, paketi zilizotajwa ndani yake zinasubiri. Baada ya kuwasha, `uname -r` itaje namba ya kerneli mpya uliyoiona kwenye `dpkg -l`. Ikitaja ya zamani, GRUB, programu inayoanzisha kerneli wakati wa kuwasha, imechagua nyingine: endesha `sudo update-grub`, kisha kagua `GRUB_DEFAULT` ndani ya `/etc/default/grub`, ambayo kwa kawaida ni `0`.