Kabla hujampa mtu GPS yako ya gari iliyotumika, iwekee ramani kwanza

Kaka yangu aliporudi kutoka Uingereza alinipa GPS ya gari, Garmin nüvi ya zamani ile ya skrini ndogo, nikaiwasha palepale uwanjani nyumbani Gungu, Kigoma, huku watoto wamenizunguka. Ikachukua kama robo saa ndo ikashika setilaiti, halafu ikanionesha mshale mmoja umesimama katikati ya karatasi tupu, hakuna barabara hata moja, pembeni kuna ubluu wa ziwa umekatwakatwa kama kwa mkasi, basi. Ndani ilikuwa na ramani ya Uingereza nzima mpaka vichochoro vyao. Kaka alitoa kwa moyo mweupe ila kiukweli alinipa saa isiyo na mishale. Ikaingia droo, ikakaa humo miaka.

Mwezi uliopita nimeitoa nikampa shemeji yangu, anaendesha Fuso, anabeba dagaa na mawese kutoka huku Kigoma kwenda Tabora na Nzega na siku nyingine mzigo unamfikisha mpaka Dodoma. Njia ya Tabora anaijua hata akiwa amesinzia (asisinzie lakini), shida yake ni akiingia mji asioujua saa nane usiku, bando limeisha, na watu wa kuuliza wamelala. Hapo kale kadude kana kazi, maana GPS haihitaji intaneti wala laini, inasikiliza setilaiti zilizo juu kama kilomita 20,200 na kupokea ni bure, ikipata nne tu inajua upo wapi. Kinacholeta shida ni ramani. Ndo maana naandika hapa nilivyofanya mpaka nikamkabidhi, na wewe mwenye ya kwako droo uitoe.

Kwanza angalia kama inastahili kutolewa. Iwashe kwa waya, sio kwa betri yake, betri za hivi vitu zikikaa miaka zinakufa na hilo sio tatizo kubwa kwa sababu kwenye gari itakula umeme wa gari. Gusa skrini kona zote nne, kama kona moja haisikii kidole basi achana nayo, utampa mtu mateso. Halafu itoe nje sehemu ya wazi, sio chini ya mwembe, uiache itulie. Ikiwa imelala muda mrefu au imetoka bara lingine lazima ijipange upya, ule ujumbe mzima wa setilaiti peke yake unachukua dakika 12 na nusu kuingia, kwahiyo usianze kuipigapiga kofi dakika ya tatu. Ukiona tarehe imekosea kabisa, inakwambia mwaka wa zamani, usishtuke sana. Kalenda ya GPS inahesabu wiki 1,024 halafu inarudi sifuri, mara ya mwisho ilirudi tarehe 6 Aprili 2019, vifaa vya zamani vingine vilichanganyikiwa hapo. Mahali inaweza kukuonesha sawasawa tu hata kama tarehe ni ya kichekesho.

Na kitu kingine, usichanganye hii na ile skrini iliyokuja na IST au Noah kutoka Japani. Ile ni habari nyingine, ina ramani ya Japani tu na nyingine ukitoa betri ya gari inaanza kudai kadi kwa Kijapani, hiyo mpelekee fundi wa redio.

Sasa futa mambo yako. Hapa watu wengi wanapita juujuu na mimi mwenyewe nilikuwa nataka kupita, mpaka nilipochomeka kwenye kompyuta nikafungua folda la GPX nikakuta faili linaitwa Current.gpx, kulifungua naona safari za kaka, nyumba alizoweka kwenye vipendwa, na sehemu imeandikwa Home. Yaani mtu anayeokota hiki kifaa anajua unakaa wapi na unatoka saa ngapi. Kama unataka kumbukumbu zako likopi hilo faili uweke kwako kwanza. Halafu kwenye nüvi nyingi za zamani unafanya hivi: izime, weka kidole kona ya chini kulia ya skrini, ukiwa umekandamiza hapohapo iwashe, usiachie mpaka itokee meseji inayouliza kwa Kiingereza kama kweli unataka kufuta data zote za mtumiaji, kubali. Ikigoma ingia Settings utafute sehemu ya kurudisha mipangilio ya mwanzo, na historia ya safari uifute yenyewe. Kama uliweka namba ya siri ya kufungua, itoe, usiseme nitamwambia kwa simu, utasahau hiyo namba. Na kama uliisajili kwenye akaunti yako ya Garmin iondoe huko ili mwenzako aweze kuisajili kwa jina lake.

Haya, ramani. Kuna njia mbili na inabidi ujue ipi inakuhusu kabla hujamaliza bando.

Njia ya kwanza ni ya kampuni yenyewe. Unadanlodi programu ya Garmin Express, ipo ya Windows na ya Mac, unachomeka kifaa kwa waya wa USB (za zamani ni ule mdomo mnene wa mini, sio wa simu za siku hizi), programu inakitambua, inakwambia kuna nini kipya. Kama nyuma ya jina la modeli kuna herufi LM maana yake ilinunuliwa na haki ya ramani za bure kwa maisha ya kifaa, LMT inaongeza na taarifa za foleni. Ila sikia vizuri: hizo ramani za bure ni za eneo lilelile ilikonunuliwa. Ya kaka ingenipa Uingereza mpya badala ya Uingereza ya zamani, na ni GB kadhaa, ningekula bando la mwezi kujua mzunguko mpya wa huko kwao. Hapo mimi nilichukua apdeti ya programu ya kifaa tu, ni ndogo, ramani nikaacha. Tumia laptop yenye betri nzima, umeme ukikatika katikati ya kuapdeti kifaa kinaweza kuganda kwenye nembo na kisiamke. Ukienda steshenari pale Mwanga waulize kwanza kama wana mashine ya kuhimili umeme ukikatika, sio unachomeka tu unaenda kula mgebuka.

Njia ya pili ndo iliyonitoa. Kuna ramani inaitwa OpenStreetMap, ilianzishwa Uingereza mwaka 2004, inachorwa na watu wa kujitolea dunia nzima na kuitumia ni bure. Kwetu imechorwa sana kuliko unavyodhani, Dar kulikuwa na kazi ya Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa, vijijini kuna watu wa Crowd2Map wanachora barabara na nyumba mpaka sehemu ambazo ramani za kulipia zinaacha nyeupe. Kuna tovuti zinazoigeuza iwe ya Garmin, mimi nilitumia garmin.openstreetmap.nl, unachagua nchi, unachagua aina inayoweza kuongoza njia (hii ni muhimu, kuna nyingine ni picha tu, inakuonesha barabara lakini haikwambii kata kulia), unadanlodi faili la kuweka kwenye kifaa, lile linaloishia na .img. Andaa bando la GB mbili uwe na amani. Kama una hela na unasafiri porini sana kuna Tracks4Africa ya Afrika Kusini, hiyo ya kulipia, ila kwa kifaa unachogawa bure sioni sababu.

Kabla ya kuhangaika na kadi mimi huwa naipima ramani kwa macho. Naenda mto Malagarasi, natafuta daraja la Kikwete lililofunguliwa 2015. Ramani ambayo hailijui ni ya kale, ukipita pale juu inakuona unaelea na viboko. Halafu naangalia barabara ya Kasulu, Kibondo, Kakonko mpaka Nyakanazi, kama bado imechorwa kama kanjia ka ng'ombe basi kifaa kitakukwepesha lami bila sababu. Kitu kisipokuwepo unaweza kukiongeza mwenyewe kwenye OpenStreetMap, unafungua akaunti unachora, mimi kichochoro chetu cha Gungu nimekichora kwa mkono wangu, subiri tu ramani ya Garmin itengenezwe upya ndo utakiona.

Sasa kadi. Chukua memori kadi ndogo ya GB 8, inatosha, za zamani zinakataa makadi makubwa. Ifomati kwa FAT32 (ni mpangilio wa mafaili, unauchagua kwenye kompyuta wakati wa kufomati). Tengeneza folda liite Garmin, weka lile faili ndani, lipe jina gmapsupp.img hivyohivyo bila kuongeza kitu, maana vifaa vya zamani vinalitambua jina hilo moja tu, vipya havichagui. Angalia Windows isije ikawa imeficha mkia wa jina, ule .img, ukajikuta una gmapsupp.img.img, hiyo ilinipotezea jioni nzima na nikaishia kulaumu kadi ya watu. Chomeka kadi, washa, ingia Settings, sehemu ya Map, utakuta orodha ya ramani zilizomo, weka tiki kwenye mpya na toa tiki kwenye ile ya ulaya. Ukitoka hapo rudi kwenye mshale. Mimi wangu ulikuwa sasa umesimama pembeni ya barabara ya kweli, na mke wangu akasema ehee, kumbe kanajua kwetu.

Bado kumfundisha mpokeaji, na hapa usimwambie "itakuelekeza", kaa naye. Huku kwetu nani ana namba ya nyumba? Utaandika mtaa hakipati. Kinachofanya kazi ni namba za mahali (koodineti), unazichukua kwenye simu ukiwa na mtandao halafu unaziingiza kwenye kifaa. Weka kwanza aina ya namba iwe ya desimali, kwa kuwa Google inakupa desimali na Garmin inapenda digrii na dakika. Halafu chunga S (kusini) na N (kaskazini). Kigoma ipo kama 4.88 kusini na 29.63 mashariki, ukiacha N kwa bahati mbaya inakupeleka Sudan Kusini, jirani na Maridi, na itakupangia njia kwa adabu zote. Mfundishe pia kuhifadhi sehemu akiwa amesimama hapohapo, gusa kile kigari kwenye ramani, hifadhi, andika jina. Shem kaanza na magodauni, kila anaposhusha mzigo anahifadhi, hiyo ndo ramani yake ya kweli. Na kikomo cha spidi kinachoandikwa pale asikiamini kuliko kibao cha barabarani, vijijini ni 50 na trafiki hana habari na skrini yako.

Chaja. Tafadhali soma maandishi madogo kwenye chaja ya laita. Gari dogo ni volti 12, Fuso ni 24. Chaja iliyoandikwa 12-24V inaingia kote, iliyoandikwa 12 tu ukichomeka kwenye Fuso utasikia harufu. Chaja ya Garmin ina fyuzi ndogo pale kwenye ncha, inafunguka kwa kuzungusha, ikifa kwanza badili hiyo kabla hujatangaza kifaa kimekufa. Kishikio cha kioo lowesha kidogo kwa maji kinanata vizuri, na akipaki atoe kifaa na afute ile duara inayobaki kwenye kioo, vijana wa stendi wakiiona duara wanajua kuna kitu kwenye dashibodi.

La mwisho, hakikisha kadi imo. Mimi nilimfungashia shem kila kitu kwenye boksi, kifaa, chaja, kishikio, waya wa USB, hata karatasi nimemwandikia, akaondoka alfajiri. Saa tatu ananipigia yuko Kazuramimba: "Shem, hiki kitu kinanionesha karatasi nyeupe." Nikageuka kuangalia laptop, kadi bado imechomekwa pembeni, usiku nilikuwa naongeza kale kakichochoro ketu. Kesho yake ikapanda basi la Tabora kwenye bahasha, nimemkabidhi konda.