SOMO: Choma uzi kwanza, ndipo uchovye batiki

Swali ni lile lile kila siku: "Mkuu, batiki imeachia rangi yote kwenye maji ya kwanza, haidro yangu mbovu?" Haidro (unga wa sodiamu haidrosalfaiti unaotiwa pamoja na rangi) haina kosa. Umechovya poliesta. Naandika mara moja, msome.

1. Fua kipande kwa sabuni na maji ya moto, kausha. Wanga wa kiwandani unadanganya.

2. Chomoa uzi wa mtande (unaokwenda na urefu wa jora) na wa mshindio (unaokatisha). Usizichanganye.

3. Choma kila mmoja kwa mshumaa, juu ya sahani ya maji. Shika kwa kibanio cha chuma, si vidole: poliesta huyeyuka kwenye nyuzijoto 260 hivi, na tone lake hung'ang'ania ngozi huku likiendelea kuunguza.

Pamba inashika moto bila kujikunja, inanuka karatasi, na mwali ukizimika wekundu unaendelea kutambaa. Jivu lake laini, linapeperuka. Poliesta inaukimbia moto, inajikunja, inatoa moshi mweusi na kuacha kishanga kigumu kisichovunjika kwa ukucha. Sufu na hariri ni protini, zinanuka nywele zilizoungua. Kaa lake linasagika.

Sasa TC, kitambaa cha poliesta na pamba zilizochanganywa, ndipo hela inapopotea. Ya kawaida ni poliesta 65 kwa pamba 35. Inawaka kwa mwali, inanuka karatasi, na mtu anafurahi. Subiri ipoe, sugua jivu kwa vidole. Ukihisi chembe ngumu kama mchanga, kuna poliesta humo. Tena USICHOME UZI MMOJA TU. Kuna vitambaa vyenye pamba kwenye mtande na poliesta kwenye mshindio; ukipima mtande peke yake utanunua jora zima, na rangi itatoka imepauka.

4. Ni pamba? Endelea. Kostiki (sodiamu haidroksidi) inatiwa kwenye maji, KAMWE maji yasimwagwe juu ya kostiki. Ndoo ya plastiki, si sufuria ya alumini. Kostiki inaila na kutoa haidrojeni.

Sababu yenyewe: rangi ya batiki haiyeyuki kwenye maji. Haidro na kostiki huigeuza iyeyuke, ikaingia ndani ya pamba, kwa kuwa selulosi ina vikundi vya haidroksili vinavyopenda maji. Ukianika, oksijeni ya hewani inairudisha hali yake ya kutoyeyuka, nayo imeshanasa humo. Poliesta haipokei maji. Rangi zake ni za aina nyingine, na kiwandani huchemshwa kwa shinikizo hadi nyuzijoto 130 hivi.

MASWALI

Binti Jora: Changu cheupe, kinateleza. Ni pamba?
— Choma.

Binti Jora: Muuzaji kasema pamba asilimia mia.
— Yeye alikichoma? Namba 3.

Mama Salma: Samahani mkuu, nina kitambaa cha gauni, kimeungua kama pamba kabisa, ila kikilowa kinalegea mno. Kwa nini?
— Swali zuri, dada. Hiyo ni reyoni. Ni selulosi pia, ila imetoka kwenye mti: inalainishwa kwa kostiki, inatiwa kaboni disulfidi hadi iwe uji mzito, kisha inasukumwa kupitia vitundu vidogo ndani ya asidi na kugeuka uzi tena. Minyororo ya molekuli zake ni mifupi na haikujipanga vizuri, kwa hiyo maji yanapenya katikati. Pamba ikilowa huongeza nguvu. Reyoni ya kawaida hupoteza karibu nusu. Lowesha uzi katikati tu, uvute. Ukikatikia penye maji, ndiyo yenyewe. Batiki inashika vizuri sana, ila usiikamue kwa kusokota.

Fundi Chereko: Na mtandio wa hariri kwenye kostiki?
— Usithubutu, kostiki inavunja protini. Hata jiki inayeyusha hariri na sufu, na hicho ni kipimo kingine: kipande kidogo kwenye jiki, pamba itabaki. Jiki isikutane na siki wala dawa ya choo yenye asidi. Inatoa gesi ya klorini.

Mama Salma: Sweta za shule je?
— Nyingi ni akriliki. Usinuse moshi wake, una sianidi ya haidrojeni. Na pasi ya moto weka mbali.

Kijana wa Tandale: Kanga mpya niloweke chumvi isichuje?
— Chumvi inasaidia kwenye beseni la kutia rangi za pamba, inaisukuma iende kwenye nyuzi. Rangi iliyokwisha chapwa, chumvi haiifungi. Ifue peke yake, maji baridi.

Binti Jora: Nimechoma. Jivu lina chembe. Rangi nimeshanunua 😭
— Pole. Chovya tu, pamba itashika, poliesta itabaki nyeupe, upate rangi iliyofifia. Wapo wanaoipenda. Ila ukiuza, sema ni TC.