Barua pepe kwenye kikoa chako mwenyewe: pima hatari kabla ya kuhamia

Faida ya kikoa chako (domain, yaani jina linalokuja baada ya @ kwenye anwani) ni ya kweli: mtoa huduma akikufungia akaunti au akipandisha bei, unahamia kwingine na anwani inabaki ileile. Lakini mlinzi sasa ni wewe. Akaunti nyingi za mtandaoni hurejeshwa kwa kiungo kinachotumwa kwenye barua pepe, kwa hiyo anayekishika kikoa anaweza kuzifungua moja baada ya nyingine bila kujua nywila yako hata moja.

Andika kwanza anwani yako iko mikononi mwa nani: msajili uliyenunua kwake kikoa, anayetunza rekodi za DNS, yaani maelekezo ya mtandaoni ya kikoa chako (mara nyingi ni msajili huyohuyo), na anayehifadhi barua. Wengi hulinda sanduku la barua wakaisahau akaunti ya msajili. Huko ndiko mwizi anakotaka kufika. Akibadilisha rekodi ya MX, inayoeleza barua za kikoa ziende seva gani, barua mpya zinaingia kwenye seva yake na sanduku lako linakaa kimya. Hutaona onyo la mgeni kuingia, maana hakuingia kwako.

Kwa hiyo akaunti ya msajili ipewe nywila ndefu isiyotumika popote pengine, pamoja na uthibitishaji wa hatua mbili kwa programu ya simu au ufunguo wa USB (kifaa kidogo unachochomeka kuthibitisha ni wewe). SMS iwe chaguo la mwisho, kwa kuwa laini za simu huibwa kwa kuhamishiwa kwenye kadi nyingine. Washa kizuizi cha kuhamisha kikoa, kisha tafuta kikoa chako kwenye WHOIS au RDAP inayochukua nafasi yake (huduma za umma za kutazama taarifa za kikoa): hali yake isomeke clientTransferProhibited, yaani kuhamisha kumezuiwa. Na barua pepe ya akaunti hiyo isiwe ya kikoa hichohicho. Kikoa kikizimika, vikumbusho vya malipo havikufikii, wala kiungo cha kubadilisha nywila.

Hatari inayodharauliwa zaidi ni muda kuisha. Kwa .com, msajili anaweza kukupa hadi siku 45 za kulipia ukiwa umechelewa, ingawa wengi hutoa chache na baadhi huanza kukinadi kikoa mapema. Kikifutwa, zinafuata siku 30 za kukikomboa kwa ada kubwa zaidi, kisha siku 5 za kungoja, halafu yeyote anaweza kukinunua. Mnunuzi akiweka sanduku linalopokea barua za majina yote, kila kinachotumwa kwako kinamfikia yeye. Lipia miaka kadhaa mbele (.com inaruhusu hadi 10), washa malipo ya kujirudia, na ukumbuke kwamba kadi ya benki nayo huisha muda. Vikoa vya .ke na .tz vina taratibu zao. Zisome kwa KeNIC, msimamizi wa .ke, au kwa msimamizi wa .tz kabla ya kununua. Hata ukikichoka kikoa, usikiache mpaka umehamisha kila akaunti, na hata hapo kiendelee kulipiwa miaka kadhaa.

Kuzuia watu kutuma barua kwa jina lako, weka rekodi tatu kwenye DNS: SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma), DKIM (sahihi ya kidijitali ya barua) na DMARC (agizo la nini kifanyike barua ikishindwa ukaguzi). Rekodi ya SPF iwe moja tu. Zikiwa mbili zote hazifanyi kazi, na ikihitaji zaidi ya maulizo 10 ya DNS inakataliwa. Anza DMARC na p=none (usizuie chochote), soma ripoti kwa wiki kadhaa uone nani anatuma kwa jina lako, kisha panda hadi p=quarantine (ziende kwenye barua taka) na mwishowe p=reject (zikataliwe). Ukirukia reject siku ya kwanza, ankara zinazotumwa na programu yako ya mauzo zinaweza kukataliwa.

Kama huwezi kusimamia haya yote, tumia kikoa kwa mawasiliano ya kazi, na akaunti za benki na za pesa ziache kwenye anwani ya mtoa huduma mkubwa iliyofungwa kwa ufunguo wa USB. Ukiamua kuhamia kabisa, kila mwezi fungua dirisha la amri la kompyuta (terminal) na uendeshe nslookup -type=mx ikifuatiwa na jina la kikoa chako, uone seva zinazopokea barua zako. Ukiona seva usiyoitambua, ingia kwa msajili papo hapo, badilisha nywila, rudisha rekodi, kisha kagua akaunti zako zote kuanzia ya benki.