Mwanza hadi Busisi na kurudi kwa baiskeli, kabla upepo wa ziwa haujaanza

Kutoka katikati ya Mwanza hadi Busisi, kwa kupita Mkolani, Buhongwa, Usagara na Kigongo, ni kama kilomita 35. Ni lami, na baiskeli yoyote nzima inafika, hata Phoenix isiyo na gia. Kinachoamua siku yenu ni saa ya kuondoka. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na kuelekea mchana upepo huanza kuvuma kutoka ziwani. Mkichelewa, mtaupokea usoni kutoka Usagara hadi mjini, tena miguu imeshachoka.

Basi ondokeni saa 12:30 asubuhi. Giza halijaisha vizuri, kwa hiyo kila mtu awe na taa nyekundu nyuma. Miezi ya Juni na Julai alfajiri ina baridi kweli, na mwendo unaiongeza: vaeni fulana, shati, na koti jepesi la kuzuia upepo. Asiye na koti aweke gazeti kifuani ndani ya shati; linasaidia sana. Jua likichomoza, vueni kabla jasho halijalowanisha nguo.

Baiskeli ikaguliwe jana yake, si asubuhi. Kazeni nati za magurudumu na pini inayoshika mkono wa pedeli, kwa sababu ikilegea hula chuma na haikazi tena. Zungusheni gurudumu mkisikiliza breki inagusa wapi. Mnyororo upakwe mafuta ya cherehani, kisha ufutwe kwa kitambaa. Oili chafu ya injini hushika vumbi na kuusaga.

Kundi la watu wanne hadi sita linatosha. Pandeni mmoja nyuma ya mwenzake, mita mbili kati yenu kwenye tambarare na kumi mkiteremka. Mwenye mwendo mdogo awe wa pili, si wa mwisho: akiwa nyuma atakimbizana nanyi siku nzima bila kupumzika. Wa mwisho awe fundi, mwenye pampu, spana, tyubu mbili, viraka, gundi na msasa. Malori na mabasi ya Geita hupita kwa kasi. Yakija, mmoja apige kelele na wote wabane kushoto.

Pancha nyingi hutokana na nyaya za matairi ya malori yaliyopasuka. Mkishatoa tyubu, pitisheni vidole polepole ndani ya tairi mpaka mpate kilichotoboa, la sivyo mtaziba mara mbili. Paka gundi nyembamba sehemu iliyosuguliwa kwa msasa, subirini kama dakika tano mpaka ikauke isinate kidoleni, ndipo mbandike. Haraka hapa ndiyo inayofanya kiraka kibanduke mbele ya safari.

Daraja la J.P. Magufuli, linalounganisha Kigongo na Busisi na lililofunguliwa Juni 2025, lina urefu wa kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza, na hapo hakuna kichaka wala nyumba ya kuwakinga. Upepo wa kaskazini ukianza, mkirudi utawapiga ubavu wa kushoto na kuwasukuma kwenye magari. Ndiyo maana vukeni kurudi kabla ya saa tano. Shusheni mwendo, mikono yote miwili kwenye usukani. Mkiona wingu jeusi lenye radi juu ya maji, subirini ng'ambo.

Kila mtu abebe lita tatu za maji. Lita moja kati ya hizo itiwe vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, hayaharibiki mfukoni na yanatia nguvu. Kuleni kidogo kila saa, msingoje njaa. Busisi mtapata chai. Msioge pale ufukweni hata joto likizidi: kichocho kipo.

Mvua ikiwapata, rimu za chuma zikilowa breki hazishiki. Anzeni kuzigusa mapema ili zikauke, hasa mkiteremka kuingia mjini.

Mwenzenu akianza kuyumba au kujibu mambo yasiyoeleweka, asiendelee. Mpeni kivuli na yale maji ya sukari na chumvi. Pale Usagara barabara za Shinyanga na Geita hukutana, hivyo magari hayakosekani: ng'oeni gurudumu la mbele, mfunge baiskeli juu ya gari, na mmoja wenu apande naye.