Sukuma geti kwa mkono kwanza

Simu nyingi ninazopokea huanza hivi: "Fundi, mota imekufa." Kazi yangu ni mageti ya umeme, zaidi yale ya kuteleza kwenye reli, kuanzia Mbezi Beach na Kunduchi mpaka Tegeta, hapa Dar es Salaam, na mara nyingi nikifika nakuta mota nzima kabisa. Kilichokufa ni betri, au beringi ya gurudumu iliyoliwa na chumvi ya bahari, au mjusi aliyeingia kwenye bodi, ile sakiti inayoiongoza mota, kutafuta joto akakaukia humo humo.

Kwa hiyo kabla hujanipigia, fanya ninachofanya mimi nikishuka tu kwenye bodaboda. Kwenye mota kuna tundu la ufunguo, na nyuma yake kishikio cha kuachia gia. Zima umeme, fungua, vuta kishikio, halafu lisukume geti kwa mkono mmoja kutoka mwanzo wa reli hadi mwisho. Likiwa zima linakwenda bila wewe kutoa jasho, hata kama lina uzito wa kilo 300. Likikwama katikati, au likinguruma sehemu moja kila linapopita, ugonjwa ni wa chuma, si wa umeme. Hapo hata ukinunua mota mpya utakuwa umeipeleka kufa.

Ufunguo huo, tafadhali, usiufungie kabatini chumbani. Mpe mlinzi, na umfundishe kuutumia mchana, umeme ukiwepo. Niliwahi kukuta familia nzima imekaa ndani ya gari nje ya geti lao saa nne usiku. Mwenye ufunguo alikuwa Dodoma.

Geti likiwa zito, anza na reli. Fagia mchanga na kokoto, hasa baada ya mvua za masika. Usimwagie oili. Oili ikichanganyika na mchanga inakuwa msasa, na gurudumu linasagika kwa miezi michache. Ule ukanda wa meno uliofungwa ubavuni mwa geti nao uachwe mkavu. Ninausugua kwa brashi ya waya, basi. Grisi ni ya beringi za magurudumu peke yake.

Kisha angalia gia ya mota inavyokutana na yale meno. Lazima pawepo upenyo mdogo, kama milimita moja na nusu. Mimi napima kwa blade mbili kuukuu za msumeno wa chuma: nazilaza pamoja, napitisha upande wa mgongo. Zikipita kwa raha urefu wote wa geti, sawa. Zisipopita, geti limeikalia mota. Hutokea magurudumu yakilika au zege la reli likititia, na tangu siku hiyo uzito wote unabebwa na shafti ambayo haikutengenezwa kubeba kitu.

Sasa betri. Mota nyingi za nyumbani huku zinatumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo. Betri nzima iliyopumzika inasoma volti 12.7 hivi. Ikisoma 12, imekwisha hata kama taa za bodi zinawaka. Ila kipimo cha kweli ni kupima geti likiwa linatembea: betri ikiporomoka chini ya 11 hapo hapo, ni ya kutupa. Badilisha zote mbili kwa pamoja, maana ile ya zamani itaivuta mpya.

Na usifanye kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilibadilisha betri kwa mteja, geti likaruka kama swala, nikalipwa, nikaondoka. Siku ya tatu akapiga: "Fundi, umeniuzia betri feki." Kumbe swichi ya umeme wa geti ilikuwa imejizima kwenye kiboksi cha stoo, na zile betri zilikuwa zikifanya kazi bila kuchajiwa hata dakika moja. Nilirudi kwa nauli yangu. Tangu hapo, umeme ukiwa umewashwa, napima chaji kwenye betri zote mbili kwa pamoja. Nisipoona kama volti 27, sigusi noti ya mtu.

Rimoti ni jambo dogo. Moja ikigoma na nyingine zinafanya kazi, badilisha betri yake. Zikigoma zote, angalia waya wa antena. Rimoti ikipotea au ikiibwa, ifutwe kwenye kumbukumbu ya bodi siku hiyo hiyo.

Kuna ugonjwa mmoja unaowachanganya wengi: geti linafunguka vizuri lakini halifungi. Karibu kila mara ni zile sensa mbili zinazotazamana kwenye nguzo, mimi naziita macho. Moja inatuma mwali usioonekana, nyingine inapokea. Mwali ukikatika, bodi inaamini kuna mtu njiani na inakataa kufunga. Buibui akitanda utando mbele ya kioo, ni mtu huyo. Sisimizi wakijenga ndani, ni mtu huyo. Futa kwa kitambaa laini, hakikisha hazijagongwa na gari zikageuka upande.

Kunduchi nilisumbuliwa na geti lililogoma jioni tu. Asubuhi safi, mchana safi, ikifika saa kumi na moja na nusu halifungi. Nilikwenda mara mbili asubuhi nikakuta zima, mlinzi akanicheka: "Fundi, wewe linakuogopa." Mara ya tatu nikakaa naye kwenye benchi nikisubiri. Jua lilishuka, likapiga moja kwa moja ndani ya jicho la kupokea, lililokuwa likitazama magharibi. Nikahamisha: la kupokea likaenda nguzo ya pili, la kutuma likaja mahali pake, likitazama jua. Kazi ya dakika 40.

Fundi asiyejua hilo hung'oa macho na kuunganisha waya moja kwa moja, bodi idhani njia ni nyeupe siku zote. Geti litafunga, na mwenye nyumba atafurahi. Nimekuta nyaya hizo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Ndugu yake ni yule anayepandisha nguvu. Kwenye bodi kuna mahali pa kurekebisha ni msukumo kiasi gani geti litumie kabla ya kukubali kwamba limegusa kitu. Geti likiwa zito kwa sababu ya beringi, njia ya mkato ni kupandisha nguvu mpaka mwisho. Litatembea. Ila sasa likimkuta mtoto kati yake na nguzo, litamhesabu kuwa ni beringi mbovu.

Uingereza, mwaka 2010, watoto wawili wa kike waliuawa na mageti ya umeme katika miji miwili tofauti ndani ya muda wa wiki moja. Kiwango cha Ulaya, EN 12453, kinataka geti linapombana mtu penye nafasi finyu lisizidi nyutoni 400, sawa na mzigo wa kilo 40 hivi, na lilegee ndani ya robo tatu ya sekunde. Kifaa cha kupima hayo sina. Ninacho kipande cha mbao ya mbili kwa nne nilichokifunga godoro. Nakisimamisha kwenye nguzo, nimekaa pembeni, nafunga geti. Likigusa lazima lisimame na kurudi nyuma papo hapo. Likisimama likaendelea kukandamiza huku mota inalia, napunguza nguvu, narudia. Kama baada ya kupunguza haliwezi kutembea, tunarudi kwenye magurudumu. Mama mmoja aliniambia, "Wewe ongeza tu nguvu, magurudumu mwezi ujao." Nilimjibu, "Mama, basi kwa mwezi huo tuliachie gia, msukume kwa mkono." Hakupenda. Magurudumu yalinunuliwa kesho yake.

Kitu kingine kinachoua ni geti lenyewe kuanguka. Kila mwisho wa reli pawepo stopa ya chuma iliyochomelewa au kufungwa bolti imara, na juu pawepo roli za kulishika lisilale. Swichi ya kikomo, ile inayoiambia mota kwamba geti limefika mwisho, ikifeli, stopa ndiyo inayozuia kilo 300 zisimwangukie mlinzi. Itikise kwa mguu kila mwezi.

Ukifungua boksi la mota, zima umeme kwenye breka na chomoa waya wa betri pia. Wengi husahau betri, vidole viko kwenye gia, mtoto ndani anabonyeza rimoti. Mota za umeme wa volti 230 zina kapasita inayobaki na chaji hata baada ya kuzima, hivyo usiiguse kwa mkono mtupu. Zile fito za kupanda na kushuka kwenye maegesho zina springi iliyokazwa ndani ya kabati. Hiyo mwachie anayeijua, inaweza kuvunja mkono.

Ukimaliza, rudisha kishikio cha gia, kisha vuta geti kwa nguvu: lisipokataa, gia haijashika, na usiku mtu yeyote atalifungua kwa kidole. Washa umeme. Bonyeza rimoti ukiwa umesimama mbali na njia yake, kwa sababu mageti mengi safari ya kwanza huenda polepole yakitafuta mwisho wa reli, na wakati huo hujui litaelekea upande gani.